Tarehe Kumi na Tisa, Kaskazini ya Marree

Kliniki niliwaambia naenda kwa daktari wa macho.
Si uongo wote: macho yalitaka kitu cha mbali.
Marree nikaipita asubuhi,
lami ikakatika kama maneno ya mtu aliyeitwa mlangoni,
na ile Toyota ya marehemu shangazi Elva
ikaanza kutetemeka juu ya barabara yenye makunyanzi
hadi miwani ikanishuka puani,
hadi vijiko sandukuni vikaanza kusengenyana.

Leo natimiza hamsini na tatu.
Hamsini wana keki, sitini wana hotuba,
hamsini na tatu ni namba ya basi
linalopita kituoni bila kusimama.
Dada yangu Philippa alitaka kuniandalia karamu Adelaide:
watu kumi na wanne, na ule wimbo,
na mimi katikati, nikitabasamu,
sijui mikono niiweke wapi wimbo ukiimbwa.

Basi nimekuja huku. Ardhi nyekundu kama ufizi
(miaka ishirini nimemshikia taa daktari wa meno, mnisamehe)
na anga iliyoachwa wazi, hakuna wa kuja kuifunga.

Saa saba mchana, tairi la nyuma, kushoto.
Halikupasuka. Lilikata tamaa tu.
Jeki ikazama mchangani; nikaichimbua,
nikaitandikia ubao wa kukatia mkate,
zawadi ya harusi, ubao uliodumu kuliko ndoa.
Nati nne zilikubali. Ya tano ilikuwa na msimamo wake.
Nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili, nikaruka,
nikaruka tena, nzi wakinishangilia usoni,
na emu watatu wakasimama kunitazama
kama wajumbe wa bodi.
Ikalegea!
Nikapiga ukelele ambao sijui niliutoa wapi.
Emu wakaahirisha kikao.

Kwenye kibanda cha bati panapouzwa petroli
kulikuwa na mbwa mwenye jicho moja na mzee Zdravko,
aliyekuja ujanani kuchimba opali Coober Pedy
akapata mgongo mbovu.
Huandika leseni za wasafiri kwenye daftari,
ili ukipotea wajue wanamtafuta nani.
Akasoma tarehe. Akaitazama kalenda. Akanitazama.
Nikasema, tafadhali, usiimbe.
Hakuimba. Mgeni njoo mwenyeji apone, wasema watu;
huyu alipona kidogo tu, upande mmoja wa mdomo,
akaingia nyuma, akarudi na mkebe wa pichi,
akaupangusa vumbi kwa shati.
"Muda wake uliisha Machi," akasema.
"Lakini na sisi je?"

Nimepiga hema kando ya reli ya zamani iliyong'olewa,
nchi ya Waarabana, waliolipa ziwa la chumvi jina
kabla hatujaleta ramani zetu.
Nina mshumaa mmoja. Nikauwasha, upepo ukaupuliza.
Nikauwasha, ukaupuliza.
Mara ya tatu nikauachia:
huenda leo ni siku yake pia.
Pichi zilikuwa nzuri. Maji yake niliyanywa mkebeni,
nikajikata mdomo; sukari na damu.

Mama alisema nilizaliwa saa sita kasorobo usiku,
nikachelewa hadi mkunga akakosa basi la mwisho.
Kwa hiyo yule aliyekuwa akiruka juu ya spana
alikuwa bado na hamsini na mbili. Mwache na sifa zake.

Nimekaa nje kumsubiri huyu mwingine.
Baridi ya Julai inang'ata masikio,
mbali huko dingo analalamika, hajibiwi,
nyota zimesongamana hadi sioni nafasi ya kuongeza moja.
Saa inasema kasorobo.
Hakuna kinachotokea.
Mikono ina grisi mpaka kwenye kucha,
nimeifutika kwapani ipate joto,
na imetulia.

Kesho tairi lizibwe. Nimpigie Philippa.
Ubao nao unahitaji kuoshwa.