Binti Bjarni

Chumba cha kumi na nne, Gimli, Manitoba.
Mlangoni wameandika: G. Eyjolfson.
Yaani, kwa lugha ya kisiwa walichotoka wazee wake,
bibi huyu wa miaka tisini na mmoja
ni mwana wa kiume wa Eyjolf.

"Eyjolf ni babu wa marehemu mume wangu," aniambia
nikimvisha soksi za sufi. "Hata sikumwona.
Mimi Guðný. Binti Bjarni."

Nacheka hadi soksi inaniponyoka.
Kwani mimi nani? Mwanatumu binti Athman, wa Faza,
ila karani wa Winnipeg alitafuta jina la ukoo, akalikosa,
akamchukua baba yangu akamtia kwenye kisanduku cha fomu,
na sasa benki hupiga simu
kumuuliza Bwana Athman kama ameridhika na huduma.
Marehemu hajalalamika.

Kule kisiwani, asema, hata rais huitwa kwa jina lake tu,
na kitabu cha simu kilianza na jina la kwanza:
kina Guðný wote safu moja,
Guðný mshonaji, Guðný wa posta.
Hajawahi kufika. Aliambiwa na mamake,
naye mamake aliambiwa.

Aliambiwa mlima ulitapika majivu juu ya malisho,
kondoo wakayatafuna, wakafa.
Watu wakapanda meli na masanduku ya vitabu
na blanketi zisizotosha.
Wakashushwa kando ya ziwa hili mwezi wa Oktoba,
baridi imeshawatangulia, imekaa.
Mwaka wa pili, ndui.
Ardhi ilikuwa chuma, haichimbiki,
basi waliokufa walipandishwa juu ya paa kungoja masika.
Nyanya yake alilala majira yote yale
chini ya wanawe wawili,
akisikia upepo ukiwafunika.

Walipoweza kusimama, wakaagiza mashine ya kuchapia gazeti.
"Kabla ya ng'ombe?" nauliza.
"Ng'ombe walikuwapo," ajibu, kama anayewatetea. "Wanne."

Saa nane huja kahawa.
Hubana donge la sukari kwa meno
akaichuja kahawa humo, macho kafumba.
Huja na keki ya tabaka saba, katikati rojo la plamu.
Bibi wa chumba cha tisa yake ni ya tabaka tano.
Hawasalimiani.

"Kwenu mnatunga?"
Namwambia: vina, mizani, beti la mistari minne.
"Minne!" Uso wamfunguka. Ananitolea beti la babake,
kidole kikigonga chuma cha kitanda.
Sielewi hata neno. Hesabu naielewa.
Zamu ya usiku, nikamtungia langu:

*Maji yameshafungika, ziwa halina sauti,*
*jina lililofutika halikuhitaji hati,*
*baba yako amefika, akung'uta lake koti,*
*binti wa Bjarni itika, ungali bado u binti.*

Nikalisoma kwa Kiswahili, nikamfasiria kwa Kiingereza,
nikangoja chozi, nakiri.

Alinyamaza kitambo.
"Mwisho wa mistari, sawa. Lakini mwanzoni
herufi zako hazishikani mikono.
Beti bila herufi ndugu ni nyumba bila nguzo.
Babangu angelirudisha."
Akageukia ukutani. "Nawe lirudie."

Saa moja asubuhi, bado giza,
nakwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya benki ya Bwana Athman,
natafuta maneno ya B.
Baba. Baridi. Binti.
Blanketi.
Bado.