Chenga

"Bado! Chenga tupu!" Bi Riziki yuko dirishani.
Nazungusha mlingoti kuelekea Tanga. "Bado."
Kuelekea Unguja. "Imekuja! ... Imekwenda."

Bati la Wete lanibabua nyayo.
Namenya waya: shaba ndani
imegeuka kijani kama mwani.
Nakata, nasokota upya, nazungushia tepu.
"Sauti ipo, watu hawana vichwa!"

Vijiti viwili wamevunja kunguru.
Cha tatu kimeshikwa na kamba ya usumba,
fundo la marehemu baba, la haraka,
kabla ya taarifa ya habari.
Nalishika nilifungue.

"Hapo hapo! Usiguse!"

Naganda.
Chini msomaji asoma, kila neno lake.
Nikiliachia, chenga.

"Shuka basi, mwanangu, chai inapoa."
"Nakuja," nasema.
Sishuki.