Mama Ana Taa Nyekundu Kichwani

Ngazi ina vipago mia mbili na kumi na vinne.
Nimevihesabu miaka kumi na mmoja,
kupanda gizani, kushuka gizani,
chupa ya chai ikinigonga nyonga
kama mtoto anayetaka kubebwa.

Kazi yangu naipenda. Nianze na hilo,
maana wapo wanaosikia mwanamke analalamika
kabla hajafungua kinywa.
Napenda tani tatu za zege zinapotulia ghafla
nchani mwa mnyororo, zikinisikiliza.
Napenda Radosław huko chini, kofia yake punje ya hindi,
anaponyanyua kidole, nami nashusha upana wa kidole.
Ukuta ukikaa mahali pake hausemi asante.
Unakaa.

Na kutoka ndani ya kreni naliona dirisha la jikoni kwangu,
ghorofa ya tano, pazia la kijani.
Taa inawaka alfajiri: Zenon anakaanga mayai.
Inazimwa: Iwonka kaenda shule.
Inawaka tena, na Gdynia nzima inawaka nayo.
Nikajiambia, niko nao.
Lakini macho hayafungi vifungo vya koti.
Macho hayaonji chumvi.

Nilichukua zamu za Jumamosi.
Nikachukua za Jumapili Walenty alipovunjika mguu,
mguu ukapona, nikaendelea nazo.
Mkuu wa kazi akasema, "Bogna, wewe chuma."
Nikavimba kichwa, mimi ninayekijua chuma!
Chuma husimama, husimama,
kisha siku moja, bila kishindo, ufa mwembamba kama unywele.
Kreni ina mkaguzi wake, huja na tochi na rangi.
Mimi nani alinikagua?

Wangu alikuwa na miaka minane.
Mwalimu aliwaambia wachore familia mezani.
Iwonka akachora baba, paka, sufuria ya supu ya bitiruti,
na mbali, dirishani, mstari uliosimama na mstari uliolala.
"Huyu mama. Usiku ana taa nyekundu kichwani."
Hakuwa analia. Alikuwa anajivuna.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Sikuacha kazi. Msinitafutie mwisho wa namna hiyo.
Niliingia ofisini na viatu vya matope, nikasema:
Upepo ukizidi mita ishirini kwa sekunde
mnanishusha, na hakuna anayeuliza zege litamwagwa lini.
Basi kuanzia leo saa tisa na nusu alasiri ndiyo upepo wangu.
Mkuu akacheka. Akaona sicheki.
Jumapili nikamrudishia Walenty.
Zloti mia tisa kwa mwezi zimekwenda, nazijua moja moja;
friji letu bado linakoroma, na sisi tunalisikiliza.

Husemwa mshika mawili, moja humponyoka.
Aliyesema hakuwahi kuendesha kreni.
Mbele mkono mrefu wenye mzigo,
nyuma mkono mfupi wenye vitalu vya zege
visivyojenga chochote, visivyokwenda popote.
Viondoe uone: haiwi nyepesi.
Inalala juu ya watu.

Jana tulikula mapema. Nje kulivuma.
Iwonka akanyoosha kijiko: "Mama, inazunguka! Nani yumo?"
Hayumo mtu, nikamwambia. Usiku tunaifungua breki,
igeuke na upepo inavyotaka.
Ikishikiliwa itavunjika.
Akafikiri, akachovya mkate.
"Na wewe wanakufungua?"
Zenon akaangalia sahani yake.
Nikasema, nimejifungua mwenyewe, na ile maana ya pili
ikatuchekesha watu wazima hadi paka akakimbia.
Supu ilikuwa imezidi chumvi.
Niliionja mwenyewe, ndiyo maana najua.