Saa ya Kharkiv

Saa mbili asubuhi hapa Chavakali,
wao wanaiita nane.
Kiangazi chao akrabu zetu hulingana,
yanapishana majina tu.
Kipupwe kikiingia wanarudi nyuma saa moja,
na mimi kila mwaka nasahau,
nakaa peke yangu mbele ya kioo kitupu
nikidhani wamekufa.

Nasomea nyuma ya kinu cha baba mkubwa Amugune,
juu ya gunia la pumba, simu imeegemea debe.
Halyna Petrivna anafundisha kutoka ghala la chini ya ardhi,
koti mabegani, bomba la mvuke limepita nyuma ya kichwa chake
kama kofia ya askofu iliyolala.
Leo ni ini.
"Kageha, washa kamera."
Nawasha. Nyusi zangu nyeupe, kope nyeupe, unga hadi masikioni.
"Kwenu kumeanguka theluji?"
Wanacheka: mmoja Rabat, mmoja Kano,
wawili Poltava kwa shangazi yao,
na Taras, ambaye hasemi yuko wapi.

Amugune alisoma kule kabla sijazaliwa.
Alisomea mawe.
Akarudi na karatasi yenye mihuri mitatu
na kila ofisi ya Kisumu ikaishika kwa ncha za vidole,
ya Wakomunisti hii, njoo wiki ijayo.
Wiki ijayo ilizeeka.
Akanunua kinu, na hata leo hataki cha nyundo,
anataka cha mawe,
huyachonga mwenyewe kila Jumapili baada ya ibada,
akiyagonga na kuyasikiliza.
Mawe niliyasomea, husema, na mawe yamenilisha.

Miaka arobaini aliwaambia watu, "Nilipokuwa Urusi."
Machi ile niliporudi kupitia Romania
na begi moja, na viatu vya mtu mwingine,
alinyamaza siku tatu.
Ya nne akamwambia mteja, "Nilipokuwa Ukraini."
Mteja akauliza, "Kwani ulihama lini?"

Usiku, stima ikipotea, hunisimulia chuo
kama watu wanavyosimulia ukoo.
Mwaka elfu moja mia nane na nne, Kaisari alitia sahihi,
lakini sahihi haijengi ukuta:
wenyeji walichanga, mwenye ardhi na mwenye duka,
"harambee, mwanangu, kabla hatujapata neno lake,
reli ya Kisumu haijaota hata ndotoni."
Na vita vya babu yetu,
vile vilivyompeleka Burma akarudi haongei,
vilikipakia chuo kwenye mabehewa,
wakafundisha mbali huko Kazakhstan, kwenye nyika kavu,
wakarudi, wakakuta madirisha yanaonyesha mbingu pande zote mbili.
"Chuo kile ni mkimbizi mzoefu," anasema,
kisha anatafuta kiberiti muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Sijaifuta ile programu ya ving'ora.
Saa mbili na dakika ishirini inalia mfukoni,
inalia na kule, nyuma ya sauti ya Petrivna.
Wanawake wa foleni wanashusha mabeseni.
Amugune anazima kinu.
Hakuna aliyemfundisha kuzima.
Ukimya wa mawe mawili yaliyoacha kuzunguka
una uzito wake, unaingia hadi kwenye meno.
Bi Vugutsa anauliza kwa kunong'ona, "Ni matanga?"
Namjibu, bado.

Kwenye kioo Petrivna anahesabu vichwa vyetu kwa kalamu.
Taras hayupo. Taras yupo.
"Tulikuwa kwenye ini," anasema.
"Likikatwa, hukua tena, ila halirudii umbo lake.
Andikeni hilo, litakuja kwenye mtihani."
Naandika. Wino unanata kwenye unga.

Amugune hana subira na foleni;
anawasha kinu kabla sijafunga kipaza sauti.
Petrivna anashtuka, anainama, anatazama dari.
"Ni mahindi," nampigia kelele.
"Mwalimu, ni mahindi tu."