Mahali pa Nyumba

Tulichora nyuma ya kalenda ya mwaka uliokwisha,
kwa penseli ya Badri ya kiwandani,
ile bapa, ya kutilia alama kwenye chuma.
Mezani makombo ya mkate. Nje, Rustavi na moshi wake,
na lifti iliyogoma tangu Jumanne.

"Mzabibu kwanza," akasema, "mengine yatajipanga."
Akauchora langoni, ukapanda nguzo
ambazo hatujazinunua,
ukatupa kivuli juu ya benchi
ambalo mbao zake bado ni msitu wa watu.

Mimi nikaweka mkomamanga upande wa jua.
Hatujui jua litachomoza upande gani.
Hatujui kiwanja ni kipi, kina kisima
au kina kesi ya mpaka.
Lakini mkomamanga hautaki ubishi,
nikauzungushia duara, nikaandika jina lake.

Halafu mrehani, giligilani, mnanaa,
hatua nne tu kutoka jikoni,
nitoke na kandambili, nichume, nirudi
kabla mchuzi haujafurika jikoni mwangu,
hilo jiko ambalo nalo halipo.

Tukagombana kuhusu kuku.
Nilitaka sita. Badri alitaka asubuhi yenye kimya,
miaka kumi na saba king'ora cha kiwanda kimemwamsha.
Tukapatana: wanne, na jogoo hapana.

Mkebe wa chai ulio juu ya kabati
una lari elfu mbili mia tatu na arobaini,
na pete ya bibi yangu, ambayo hatutaiuza.
Haba na haba, watu husema.
Hawasemi kibaba chenyewe kina ukubwa gani.

Nanuli, mama yake, alikuwa kwenye kochi akifuma soksi,
macho kwenye uzi, masikio kwetu.
"Na mjozi? Mtapanda mjozi?"
Tutapanda, mama.
"Marehemu baba yenu aliukataa. Apandaye mjozi
hufa siku shina linapofikia unene wa shingo yake."
Badri akaipapasa shingo yake ya mchomelea vyuma.
"Hii? Itachukua karne." Akauchora,
mkubwa, katikati, kwa kiburi kidogo.
Nikaona mkono wake umesita kwenye shina.

Saa tano usiku akaiweka penseli chini,
akacheka kile kicheko chake cha puani.
"Nyumba iko wapi?"

Tukatazama. Mtini upo. Matuta ya vitunguu yapo.
Hata shimo la mboji lilikuwa na kifuniko na mpini.
Nyumba haikuwepo, wala pa kuiweka.

Hakuna aliyetaka kushika ufutio.
Nilisema tuung'oe mtini, akasema afadhali
tung'oe jino. Mwishowe tukaibana pembeni,
kati ya nyanya na uzio,
chumba kimoja, dirisha moja,
ndogo kuliko banda la kuku.

Nanuli akavaa miwani, akainama.
"Nami nitalala wapi?"
Hakungoja jibu. Akaichukua penseli,
akachora kitanda chini ya mzabibu,
na mto, na juu ya mto kichwa chenye kitambaa.
"Kiangazi, hapa. Baridi ikija, tutaona."

Asubuhi nilifungua mlango wa roshani nianike nguo.
Palikuwa na ndoo kuukuu ya rangi,
udongo mbichi, umeshindiliwa kwa vidole.
Bakuli la jozi mezani limepungua tatu.
Nanuli alikuwa amerudi kwenye soksi zake,
kucha zake nyeusi, hanitazami.

Sikumwuliza.
Nilisimama na shati lililolowa mkononi,
nikaipima kwa macho shingo yake,
jinsi ilivyo nyembamba,
nikamwomba Mungu mti ule uchelewe.