Tema Mate, Mwalimu

Kumbe ni wewe, Ngumbao wa Darasa la Sita B,
uliyekaa dawati la nyuma, karibu na mlango,
kama mtu anayengoja basi.
Sikukujua kwa uso. Nilikujua kwa masikio.

Mashua ya sakafu ya kioo ilitubeba tisa:
familia ya Nyeri iliyojipaka mafuta ikang'aa,
maharusi wawili wasioachana mikono,
na mimi, mzaliwa wa Maweni, miaka sitini na mitatu,
niliyeijua bahari kwa magoti tu.
Tiketi ni zawadi ya kustaafu. Ilikaa kabatini, chini ya kanga mpya.

"Maji yanapwa," ulisema, "tuiwahi bustani
kabla hayajageuka." Ukagawa miwani, mirija,
makoti ya kuelea yenye harufu ya jana.
Kisha ukanijia mimi:
"Tema mate, mwalimu. Ndani ya kioo. Sugua kwa kidole.
La sivyo ukungu utakuziba macho."

Mimi!
Niliyekusimamisha juani
siku ile ulipotema mate dirishani,
ukashika masikio yako mpaka kengele ya pili.
Sasa koo limekauka, mate hayaji,
na abiria wote wananitazama
kama darasa linalongoja jibu.
Nikatema. Kidogo. Kwa adabu.
"Ongeza," ukasema. Hukucheka. Nusura.

Maji yaliingia kwanza kwenye kola, kisha kwenye hofu.
Pumua kwa mdomo. Pumua kwa mdomo.
Nikapumua kwa pua, nikameza chumvi ya mwezi mzima,
nikakushika mkono kwa kucha.
Hukuutoa.

Halafu dunia ikajigeuza, dari ikawa chini.
Kangaja makundi kwa makundi,
pono akitafuna jiwe, krek, krek,
mkunga akichungulia pangoni
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Nikaanza kuhesabu, ndiyo kazi niliyosomea:
kumi na saba, thelathini na...
wakageuka wote kwa pamoja,
hesabu ikavunjika. Sikuirudia.

Ukanionyesha tumbawe jeupe,
jeupe hasa, kama kasha la chaki lililomwagika.
Tulipoibuka ukasema, "Hilo liliungua
mwaka maji yaliposhikwa na homa.
Lakini pale ukingoni umeona urujuani? Linarudi.
Upana wa ukucha kwa mwaka."

Upana wa ukucha kwa mwaka.
Kwenye ripoti yako, kwa wino mwekundu, niliandika:
Mzito. Anachelewa mno.
Nilikuwa na wanafunzi sitini na wanane
na muhula ulikuwa wiki kumi na tatu.
Hiyo si sababu. Nasema tu ilivyokuwa.

Nilitaka kukuambia, lakini mrija ulikuwa mdomoni,
na ulipotoka mdomoni bwana harusi alikuwa akitapika,
nawe ukamkimbilia na ndoo.

Ufukweni ulinipa chenji ya viatu vya mpira.
Nikaihesabu mara mbili, mazoea.
Ilitimia.
"Mwalimu!" ukaita, moyo ukaniruka,
"unaondoka na miwani yetu."
Kweli, ilikuwa bado kipajini.

Leo siku ya tatu, tone moja la bahari
limebaki katika sikio la kushoto.
Nikiinama kufunga viatu, linaguna.
Binti yangu anataka nilaze kichwa,
nirukeruke kwa mguu mmoja mpaka litoke.
Nimemwambia aliache, lina wakati wake.
Nimesimama uani, jua la saa sita utosini,
nimelishika sikio.