Mfuko wa Saba

Boksi limeingia asubuhi kutoka Ibra,
barafu yake imeshaanza kulegea.
Mifuko kumi na mmoja, lakiri ya polisi juu ya kila fundo,
na karatasi yenye maneno ya mwenye friza:
*Mbuzi. Wote mbuzi. Wamebaki harusini.*

Nyama ikishachunwa haina ukoo.
Haina pembe, haina kwato, haina mlio.
Hata bucha wa Matrah mwenye miaka arubaini kisuni
ataigeuza, atainusa,
mwisho atakuapia tu.

Mimi siapi. Nakata kipande cha kadiri ya punje ya mchele,
naloweka, nangoja, navuta kwa pipeti
kisichoonekana kwa jicho,
naitia mashine kazini:
joto tisini na nne, hamsini na tano, sabini na mbili,
tisini na nne, hamsini na tano, sabini na mbili,
mara thelathini na tano,
punje mbili zaidi ya tasbihi fupi ya bibi.

Biju, mwenzangu wa Kerala, anakoroga chai ya maziwa.
"Swala huyu wa majabalini, kwenu mnamwitaje?"
Paa.
"Na kile kinachofunika nyumba?"
Paa.
Na ndege ya Salalah ikiondoka, inapaa.
Na bibi akimkwangua samaki magamba, anampaa.
Anacheka hadi chai inamwagika:
neno moja, milango minne!

Herufi za mashine nazo ni nne,
ila hizo hazijui mzaha.

Saa tisa zinaanza kushuka kwenye kioo.
Mbuzi. Mbuzi. Mbuzi.
Mbuzi, mbuzi, mbuzi.
Wa saba: paa.
Kisha mbuzi tena mpaka wa kumi na moja,
kama watu waliosimama mstarini
kumficha mmoja.

Ndipo nikasoma jalada, nililopaswa kulisoma mwanzo.
Nyumba ya Zahran bin Muhanna. Harusi ya Alhamisi ile.

Nilikuwepo.
Shuwa ilitolewa shimoni baada ya usiku mbili,
imefungwa makuti, inanuka siki na karafuu na saumu,
inaachia mfupa kabla hujaigusa.
Nilikula. Nikaomba nyongeza.
Nikamuuliza shangazi Rayya: mbuzi huyu mtamu, kalishwa nini?
Naye, bila kuniangalia:
"Kula, mwanangu. Mbuzi haulizwi ukoo."

Ulimi huu huu
unaomjua Mpemba kwa neno moja,
ulimi ambao hapa Maskati unaniitisha Mzinjibari
na kule Unguja haukuninusuru kuitwa Mmanga,
ulipita juu yake na wali
usimjue.

Au hakuwa yeye. Labda sahani yangu ilikuwa mbuzi.
Kwa hilo sina sampuli.

Nimemwandikia mkuu wa maabara mistari miwili:
*Nilikuwa mgeni wa harusi hii.
Naomba vipimo virudiwe na mwengine.*
Biju ameshavaa glovu, hasemi kitu,
anakata upya kipande kama punje ya mchele.

Tisini na nne. Hamsini na tano.
Simu yangu inatetemeka juu ya meza ya chuma,
jina la shangazi Rayya linawaka, linazimika, linawaka.
Sabini na mbili.
Nimevua glovu moja.
Bado inalia.